Kupima "Sijambo Kidogo"

Korido ninayofanyia kazi ya utafiti wa magonjwa sugu ina urefu wa mita 30. Tuliipima kwa futi ya kamba, tukabandika utepe sakafuni kila baada ya mita 3, na katika kila mwisho tumeweka koni ambayo mgonjwa huizunguka bila kusita. Kazi yake ni kutembea kwa dakika 6 kadiri awezavyo. Akichoka anaruhusiwa kusimama na kuegemea ukuta, ila saa inaendelea kuhesabu. Mimi husimama pembeni na kibao changu cha kuandikia, na hata maneno ninayoruhusiwa kumwambia yamepangwa: kila dakika inapotimia namjulisha kwamba anaendelea vizuri na kwamba zimebaki dakika kadhaa, basi. Anayeutazama utaratibu huu kwa mara ya kwanza huuona mkali, lakini una sababu. Mgonjwa anayeshangiliwa hutembea mita nyingi kuliko anayenyamaziwa, na mita hizo za ziada huwa zimetoka kwangu mimi, wala hazikutoka kwenye mapafu yake.

Mzee mmoja mwenye ugonjwa sugu wa mapafu alifanyiwa kipimo hiki mara ya kwanza kabla ya kuanza mazoezi ya kupumua na ya viungo, kisha akarudi baada ya wiki kadhaa. Mara ya pili aliongeza mita 22. Alipoketi na pumzi yake kutulia, nilimwuliza anajionaje, naye akanijibu, "Sijambo kidogo, mwanangu." Nikamwuliza hiyo kidogo anaionea wapi. Akafikiri, halafu akaniambia kwamba siku hizi anaoga amesimama, kwa maana kile kigoda alichokuwa akikalia bafuni tangu mwaka uliopita amekwisha kukitoa nje.

Kiwango kinachokubalika na wataalamu wengi wa mapafu ni kwamba ongezeko la takriban mita 30 ndilo mgonjwa huanza kuliona kuwa nafuu ya kweli. Mita 22 ziko chini ya hapo, na kwenye fomu yangu hakukuwa na nafasi ya kuandika habari za kigoda. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikilifikiria jibu la mzee yule, kwa sababu naamini limebeba karibu kila kitu kilicho kigumu katika utafiti wa kitabibu kuhusu magonjwa sugu.

Katika Kiswahili mtu aliyepona husema "sijambo" na kuishia hapo. Neno "kidogo" likiongezwa, maana inageuka: ugonjwa bado upo, aliyeulizwa anajua kwamba upo, na pamoja na hayo anatangaza kwamba jana na leo havifanani. Mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye pumu, mwenye figo zinazochoka polepole au mwenye baridi yabisi ya viungo hatarajii kusema "nimepona". Nafuu yake yote inaishi ndani ya neno hilo "kidogo", na mtafiti anayetaka kujua kama dawa inafaa hana budi kulipima neno hilo.

Watafiti waliliona jambo hili kwa lugha yao. Mwaka 1989 Roman Jaeschke, Joel Singer na Gordon Guyatt, waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, walichapisha makala iliyouliza swali rahisi: ni badiliko dogo kiasi gani ambalo mgonjwa mwenyewe analiona kuwa nafuu? Waliwachukua wagonjwa wenye maradhi sugu ya moyo na ya mapafu, wakalinganisha alama zao za dodoso na maelezo yao wenyewe ya kama wamepata nafuu, wamebaki vile vile au wamezidiwa. Katika mizani ya pointi 7, jibu lilikuwa karibu nusu pointi kwa kila swali. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo kwa wasiojali, tofauti kati ya makundi mawili ya wagonjwa ilihesabiwa kuwa ya maana kwa sababu tu hesabu za takwimu zilionyesha kwamba haikutokea kwa bahati. Ukiwa na wagonjwa elfu kadhaa, hata tofauti ambayo hakuna binadamu anayeweza kuihisi mwilini mwake itapita mtihani huo wa takwimu.

Magonjwa ya muda mfupi hayana shida hii kwa kiasi hiki. Jaribio maarufu la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, liligawa wagonjwa 107 kwa bahati nasibu: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Hesabu kama hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu. Lakini madhara ya kisukari kwenye macho na figo huchukua miaka mingi kujitokeza, na presha inaweza kumkaa mtu miongo miwili kabla ya kiharusi, na hakuna mtafiti anayeweza kungoja muda wote huo kwa kila dawa. Kwa hiyo tunapima kitu kingine kilicho karibu, kama sukari katika damu, shinikizo, mdundo wa moyo au kasi ya hewa inayopulizwa, tukitumaini kwamba kikitengenea hicho, maisha nayo yatatengenea.

Tumaini hilo limewahi kuua watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilijulikana kwamba watu walionusurika mshtuko wa moyo, kisha mioyo yao ikawa inapiga mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio, walikuwa katika hatari kubwa ya kufa ghafla. Dawa mbili, enkainidi na flekainidi, zilikuwa hodari wa kuyanyamazisha mapigo hayo, na madaktari walikuwa wakiziandika kwa nia njema kabisa. Jaribio lililojulikana kwa kifupi kama CAST liliwachukua wagonjwa ambao tayari ilikwisha kuonekana kwamba dawa hizo zinawatuliza mapigo, likawagawa: 755 wakapewa dawa na 743 wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Baada ya wastani wa miezi 10 walikuwa wamekufa 63 kati ya waliopewa dawa, na 26 kati ya wasiopewa. Karatasi ya mashine ya moyo ilikuwa safi, na mwenye moyo alikuwa kaburini. Nikiwafundisha wauguzi wapya wanaojiunga na kazi ya utafiti, huanza na namba hizi mbili, na huwaomba waziandike kwa mkono wao wenyewe.

Habari ya sukari ni ndefu zaidi na haina adui aliye wazi. Kipimo tunachokitegemea, HbA1c, huonyesha kiasi cha sukari iliyoganda kwenye hemoglobini, yaani ile sehemu ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na kwa kuwa chembe nyekundu ya damu huishi karibu siku 120, kipimo hicho husimulia wastani wa miezi 2 au 3 iliyopita. Ni kipimo kizuri. Utafiti wa DCCT nchini Marekani na Kanada, uliowafuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza na kutangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kuishusha HbA1c kutoka karibu asilimia 9 hadi karibu asilimia 7 kunawaokoa wengi na uharibifu wa macho, figo na mishipa ya fahamu. Utafiti wa Uingereza wa UKPDS, ulioanza kuandikisha watu mwaka 1977 na kufikisha 5,102 wenye kisukari cha aina ya pili, ulithibitisha mwelekeo huo huo mwaka 1998. Kutoka hapo ilionekana ni busara kuendelea kushuka. Utafiti wa ACCORD uliwachukua watu 10,251, wengi wao wakiwa wameishi na kisukari kwa miaka mingi na tayari wana maradhi ya moyo au hatari kubwa ya kuyapata, na nusu yao wakatakiwa kushushwa chini ya asilimia 6. Mwaka 2008 sehemu hiyo ya matibabu makali ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu walikuwa wamekufa 257 katika kundi hilo dhidi ya 203 katika kundi la matibabu ya kawaida.

Namba ile ile, kwa hiyo, inaweza kumwokoa kijana aliyegunduliwa jana na ikamdhuru mzee aliyeugua miaka 10. Mwaka huo huo wa 2008 watafiti wa UKPDS walieleza kilichowapata wagonjwa wao miaka 10 baada ya jaribio kumalizika. Ndani ya mwaka mmoja tu sukari za makundi yote mawili, la matibabu makali na la matibabu ya kawaida, zilikuwa zimelingana, lakini waliotibiwa vizuri tangu mwanzo waliendelea kupungukiwa na madhara, na sasa hata mashtuko ya moyo na vifo vilikuwa vichache upande wao. Kama mtu angeyafunga mafaili mwaka 1998 na kwenda zake, jambo hilo lisingejulikana.

Kipimo chenyewe nacho kina masharti yake. Mtu mwenye upungufu wa damu, mwenye hemoglobini ya selimundu au anayesafishwa damu kwa mashine anaweza kupewa HbA1c isiyolingana na sukari yake halisi, kwa sababu chembe zake haziishi muda uliotarajiwa. Katika figo tumeona jambo zito zaidi: kanuni iliyotumika sana kukisia utendaji wa figo tangu mwaka 2009 ilikuwa ikiongeza makisio kwa karibu asilimia 16 kwa mtu yeyote aliyeandikwa kuwa mweusi, na kwa hesabu hiyo figo zake zilionekana nzima kuliko zilivyo, na kuingizwa kwake katika huduma za juu kukacheleweshwa. Kanuni mpya ya mwaka 2021 imekiondoa kipengele hicho. Kila ninapokumbuka kwamba rangi ya ngozi iliwekwa ndani ya hesabu ya figo na wengi wetu tukaipokea kama ilivyo, nasikia uchungu.

Nije kwenye presha, ambayo kila mtu anadhani ni rahisi kupima. Utafiti wa SPRINT uliotangazwa mwaka 2015 uliwagawa watu 9,361, baadhi wakishushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 na wengine chini ya 140, na kundi la kwanza likapata upungufu wa robo katika mashtuko ya moyo, kiharusi na mengine yaliyohesabiwa pamoja nayo, ingawa pia lilikuwa na visa vingi zaidi vya kuzirai na vya figo kudhurika ghafla. Wengi waliishika ile 120 na kuisahau namna ilivyopatikana: mgonjwa aliketi kimya dakika 5, mashine ikapima yenyewe mara 3, na wastani ndio ukaandikwa. Katika kliniki iliyojaa watu, mgonjwa huketi huku akiulizwa maswali, miguu imepishana, mgongo hauna egemeo, na kipimo ni kimoja. Namba inayopatikana hapo si ndugu wa ile ya SPRINT. Mimi mwenyewe niliwahi kumpima mama mmoja mwenye mkono mnene kwa mkanda wa kawaida, kwa kuwa mkanda mpana ulikuwa chumba cha pili na foleni ilikuwa ndefu. Nikapata 158. Daktari alipotaka kumwongezea dawa, moyo ulinisuta, nikaufuata ule mkanda, nikamkalisha tena, na baada ya dakika 5 za kimya nikapata 141. Kidonge kile ambacho angekimeza kila siku kingetokana na uvivu wangu wa hatua 20.

Kuhusu vidonge, kuna somo ambalo nililipata kwa aibu. Katika majaribio mengi mgonjwa hurudisha chupa yake na sisi huhesabu vilivyobaki, kisha tunaandika kwamba amemeza asilimia kadhaa. Bwana mmoja alirudisha chupa yenye hesabu kamili kabisa, hakikuzidi wala kupungua hata kimoja, ilhali HbA1c yake ilikuwa juu ya 11. Nilipofunga mlango na kukiweka kibao pembeni, aliniambia kwamba vidonge vilivyobaki alivitoa usiku wa kuamkia siku ile, na kwamba siku chache kabla ya kila miadi huanza kumeza sawasawa. Sikumwuliza kwa nini anadanganya. Nilimwuliza kilichomfanya aache, naye akasema dawa ile inamharibu tumbo na kazi yake ni ya kuendesha gari kutwa nzima. Mara tatu alikuwa amelisema hilo kwa watu watatu tofauti, na kila mmoja alimjibu kwamba ni lazima ameze. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2003 kwamba hata katika nchi zilizoendelea ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa muda mrefu wanaofuata matibabu yao kama walivyoagizwa. Mgonjwa anayekemewa hujifunza haraka namna ya kutuletea hesabu tunayoitaka, na jaribio likijaa hesabu za namna hiyo, dawa nzuri inaweza kuonekana dhaifu na watu wakaongezewa vipimo vya dawa wasiyoimeza.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii ni madodoso, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu wengi huyadharau wakidhani kwamba damu husema kweli na kinywa hubuni. Katika maradhi ya mapafu, kasi ya hewa inayopulizwa kwenye mashine ina uhusiano hafifu na jinsi mgonjwa anavyokosa pumzi. Mazoezi ya kurekebisha mapafu huwapa wengi nguvu na ahueni kubwa bila kuibadilisha namba ya mashine hata kidogo. Anayeitegemea mashine peke yake atasema hakuna kilichotokea. Ndiyo maana tunauliza, na ndiyo maana swali lenyewe linahitaji kupimwa kabla halijampima mtu.

Utaratibu unajulikana: watu wawili wanatafsiri dodoso kila mmoja kivyake, tafsiri zinaoanishwa, mtu mwingine asiyeiona asili anairudisha katika lugha ya kwanza, na mwishowe wagonjwa wachache wanaombwa waeleze kwa maneno yao kila swali walivyolielewa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayofichua mambo. Tuliandika "unyonge" tukikusudia huzuni, na wagonjwa wakatueleza habari za mwili usio na nguvu. Tuliandika "moyo kwenda mbio" tukikusudia wasiwasi, na wenye maradhi ya moyo wakajibu kuhusu moyo wenyewe, kama ilivyo haki yao. "Nimechoka" ilikuwa na maana ya misuli kwa mmoja, na kwa mwingine ilikuwa na maana ya kuyachoka maisha ya kumeza dawa. Lakini lililonishangaza zaidi ni swali la kama mtu anapata shida kupanda ngazi, ambalo mama mmoja mwenye moyo dhaifu alilijibu kwa uhakika kwamba hapati shida yoyote. Nilikaribia kuandika sifuri. Kisha akaongeza kwamba ana miaka miwili hajakanyaga ngazi.

Watu huupunguza ulimwengu wao taratibu hadi uwatoshe, na wakikwisha kuupunguza hujibu kwa ukweli kwamba hawana shida. Wakati mwingine hilo ni ushindi wa kweli, maana mtu amejifunza kuishi na hali yake na kupata furaha ndani yake. Wakati mwingine ni ugonjwa uliosonga mbele bila kelele. Alama kwenye dodoso haiwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili isipokuwa mtu ameuliza pia siku ya mgonjwa inavyokwenda, kuanzia kuamka hadi kulala.

Kuna pia wale wasioulizwa kabisa. Uchunguzi wa kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.75 nchini Scotland, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba karibu robo yao walikuwa na maradhi sugu mawili au zaidi kwa wakati mmoja, na kwamba katika maeneo maskini zaidi hali hiyo ilianza miaka 10 hadi 15 mapema. Majaribio mengi huwaondoa watu hao mlangoni. SPRINT haikuchukua wenye kisukari wala waliowahi kupata kiharusi. Naielewa sababu ya kisayansi, kwa kuwa mtu mwenye maradhi manne na dawa tisa hufanya iwe vigumu kujua ni kipi kilichosababisha nini, lakini ni huyo huyo anayeketi mbele ya daktari kesho yake, na mwongozo uliotokana na watu wenye ugonjwa mmoja ndio unaotumika juu yake.

Na wapo wanaoanza nasi kisha wakapotea. Katika utafiti wa miaka kadhaa, kila anayeacha kuja huacha pengo, na pengo hilo halimaanishi kitu kimoja: huenda amezidiwa, huenda amepata nafuu akaona hatuhitaji, huenda amekufa. Tukiwahesabu waliobaki peke yao tutakuwa tumewahesabu wenye nguvu ya kubaki. Kwa hiyo hupiga simu. Wiki chache zilizopita nilimpata mama mmoja ambaye kwenye orodha yetu alikuwa ameandikwa kuwa sababu yake ya kuacha haijulikani. Sababu ilijulikana vizuri sana: siku yetu iligongana na siku yake ya kliniki ya macho, na aliyepokea ujumbe wake hakuuandika. Aliniuliza kama kuondoka kwake kumeiharibu kazi. Nilimweleza kwamba vipimo vyake vyote hadi siku ya mwisho bado vinahesabiwa, na kwamba kama anaridhia tunaweza kumpima mara moja zaidi siku anayoitaka yeye.

Akaridhia. Halafu akauliza, "Na majibu yakitoka, nasi mtatuambia?" Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu, linasema washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya utafiti walioshiriki, na nilikuwa nimelisoma hilo zaidi ya mara moja. Hata hivyo katika mpango wa utafiti wetu hakukuwa na ukurasa wala fungu la fedha kwa ajili hiyo, na nililazimika kumwambia hivyo. Siku iliyofuata niliandika barua ya nusu ukurasa kwa wasimamizi, nikaomba vitu viwili: mkutano mmoja na washiriki matokeo yatakapokamilika, na mistari mitatu mitupu chini ya fomu ya korido, chini ya mahali pa kuandika mita. Mistari imekwisha kuongezwa. Kuhusu mkutano, bado nangoja jibu.